Wete imekatwa, Micheweni imeenea

Juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Mjini alinionesha skrini ya kupokelea mizigo ya kwenda Pemba. Orodha ya vituo: Mkoani, Chake Chake, Micheweni, Wete. Micheweni yenye herufi tisa imekaa raha mustarehe. Wete, jina fupi kuliko yote, imebaki "W…".

"Kaka, nafikiri fonti ina kasoro," akaniambia.

Fonti haina kasoro. Nilifungua msimbo nikiwa nishajua ninachokwenda kukikuta: upana wa boksi la jina ni idadi ya herufi mara pikseli tisa, vile vinukta vya skrini. Huyu ni wa nne mwaka huu kupima maandishi kwa kuhesabu herufi. Basi nayaandika hapa, wa tano akija nimtumie kiungo tu kabla presha haijapanda.

Hesabu yenyewe hii. Fonti ilikuwa Arial ya pikseli 16. Ukiugawa ukubwa huo sehemu 1000, W inachukua 944, e 556, t 278. Wete nzima ni 2334, yaani pikseli 37.3. Boksi lake, nne mara tisa, lilikuwa na 36. Imekosa pikseli moja na ushei, na programu ikafanya iliyofundishwa: kukata na kutia nukta tatu. Nukta tatu nazo zinataka pikseli 16 zao, ndiyo maana W ikabaki mkiwa. Micheweni ina i mbili za 222 kila moja, inataka 75.6 na ilipewa 81. Haya, fonti ina kosa gani hapo?

"Basi tuweke kumi."

Tusiweke kumi. Chukua "lilia" na "mwewe", zote herufi tano. Ya kwanza inakula pikseli 23, ya pili 54. Nitajie nambari ya kuzidishia itakayozitosha zote mbili bila moja kukatwa na nyengine kuelea. Fundi kanzu hakuulizi una miaka mingapi kisha akakata kitambaa. Anachukua utepe anakupima, wewe mwenyewe, leo, na tumbo lako hilo hilo.

Najua imani hii inatoka wapi, na simlaumu mtu sana. Wengi wetu tulianzia kwenye printa za risiti. Karatasi ya milimita 80, herufi 48 kwa mstari. Ya milimita 58, herufi 32. Kule i na m wanalipwa sawa, kila herufi upana mmoja, na kuhesabu ndiko kupima. Kisha mtu anahamia kwenye skrini yenye fonti za kawaida na kuhesabu kwake mkononi.

Wakishaelewa hapo, wajanja hunijia na la pili: "Nitapima kila herufi peke yake, niziweke kwenye jedwali, nijumlishe." Unakaribia, lakini bado. Fonti nyingi zina orodha ya jozi zinazosogezana: T na a kwenye "Tarehe", W na a kwenye "Wateja", V na y kwenye "Vyumba". Ile a inaingia chini ya bawa la T. Fonti nyengine zinaunganisha f na i ya "safi" kuwa umbo moja. Kwa neno moja hasara ni ndogo, kwa mstari mzima wa herufi kubwa utaiona.

Tena hayo ni ya Kilatini. Sisi huku tunaandika na Kiarabu, kwenye kadi, kwenye vyeti, kwenye mabango ya msikiti. Mtoto yeyote aliyekaa chuoni anajua kwamba be ikiwa peke yake ina mwili mrefu, na ikianza neno inabaki jino dogo tu lenye nukta. Lamu ikikutana na alifu zinakuwa umbo moja. Ukijumlisha upana wa herufi zikiwa moja moja umepima neno ambalo halipo. Na anayeshikilia kuhesabu nimpe zawadi: katika Unikodi, orodha ya alama zote za maandishi ya kompyuta, ipo alama U+FDFD, ambayo ni Bismillahi yote mpaka Rahimu, na kompyuta inaihesabu kuwa herufi moja. Moja mara tisa, pikseli tisa. Haya, kazi kwako.

Kwa hiyo unaichukua maktaba ya kuchorea, yaani ule msimbo ulio tayari unaochora herufi, unaipa maandishi yote kwa pamoja, kwa fonti ile ile, ukubwa ule ule na kifaa kile kile utakachochorea, unaiuliza. Ukipima kwa skrini ukachora kwa printa usinipigie simu.

Sasa linalonikera hasa. Mtu ameshakubali kuuliza maktaba, nafurahi, kisha anauliza swali silo. Vipimo ni viwili. Kuna hatua, yaani kalamu itasogea kiasi gani mpaka pale neno linalofuata litakapoanza. Na kuna wino, yaani pikseli zitakazopakwa rangi kweli. Kwenye Android, measureText inakupa hatua na getTextBounds inakupa wino, na nimeona watu wakiziokota kama dagaa sokoni, itakayotangulia mkononi. Qt, maktaba nyengine ya kutengenezea programu, tangu toleo la 5.11 wamewaambia watu waachane na width watumie horizontalAdvance. Wengine walinung'unika, mimi niliwapa heko, maana "upana" peke yake halikuwa jibu.

Tofauti yake? Andika "Jina: " na nafasi mwishoni, upime kwa wino. Nafasi haina wino. Jina la mteja litakuja kugandana na nukta mbili na utashinda mchana kutwa unatafuta nafasi imekwenda wapi. Kinyume chake, chukua f ya mlazo mwishoni mwa neno: kichwa chake kinatoka nje ya hatua yake. Ukikata picha kwa kufuata hatua umeikata kichwa. Kuweka kasa ya kuandikia, kile kistari kinachoonesha herufi itaingia wapi, kupanga neno baada ya neno, kuamua mstari uvunjwe wapi: hatua. Kujua eneo gani lipakwe upya au picha ikatwe wapi: wino. Sijui niliseme hili kwa lugha gani nyengine.

Na urefu wa wima ndio balaa zaidi. Pikseli 16 haina maana kwamba kuna herufi yenye kimo cha 16. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye kipande cha risasi kilichobeba herufi enzi za matbaa, na herufi yenyewe ilikaa juu yake ikiacha nafasi. Kwenye Arial ya 16, herufi kubwa ina pikseli 11 na nusu hivi. Sasa mtu anataka kuweka neno katikati ya kitufe, anapima wino wa neno hilo, anagawa kwa mbili. Vitufe vitatu: Hifadhi, Ghairi, Rejea. Hifadhi haina mkia. Ghairi haina mkia pia. Rejea ina mkia wa j. Kila kimoja kimekaa katikati kwa wino wake, na vikipangwa pamoja, Rejea imepanda juu kidogo kuliko wenzake. Weka orodha ya majina 20 namna hiyo na maandishi yanapanda na kushuka kama boti ya Pemba kwenye mkondo wa Nungwi siku ya kusi. Katikati ya wima hutafutwa kwa kimo na kina cha fonti, yaani inavyopanda juu ya mstari wanaokalia herufi na inavyoshuka chini yake, vilivyo sawa kwa kila neno. Kanga zina bahati: jina huandikwa kwa herufi kubwa tupu, hakuna mkia wa j wala g wa kuchokoza pindo.

Nisijifanye mwalimu asiyewahi kuchapwa. Mwanzoni nilitengeneza programu ya kadi za harusi. Mteja akaandika jina la bibi harusi kwa Kiarabu, Zainabu. Kadi zikatoka printa nukta za ze na nuni zipo juu, na chini hakuna kitu: nukta mbili za ye na ile moja ya be zimekatwa. Jina limebaki na herufi mbili zisizojulikana. Mama wa bibi harusi alizirudisha mwenyewe, kwa miguu, na sitaandika aliyoyasema. Kosa langu: nilichukua kimo na kina cha fonti niliyoitaja, ya Kilatini, isiyo na herufi hata moja ya Kiarabu. Mfumo ukaazima herufi kutoka fonti nyengine, yenye kina kirefu zaidi, bila kuniambia. Unaweza kuandika jina la fonti kwenye msimbo na bado fonti inayochora ikawa nyengine kabisa. Kwenye kivinjari ni hivyo hivyo: ukipima kabla fonti yako haijafika kutoka kwenye seva, umempima mgeni aliyeshika zamu. Subiri document.fonts.ready, ishara ya kivinjari kwamba fonti zimefika.

Mengine haraka haraka. MeasureString ya GDI+, mchoraji wa Windows, huongeza nafasi pembeni kwa kusudi, usishangae. Upana wa ukubwa 24 si lazima uwe mara mbili ya 12, kwa sababu herufi zinaweza kuvutwa zikae sawa kwenye pikseli. Ukizungusha desimali iwe namba nzima, zungusha kwenda juu. Kupima kuna gharama, kwa orodha ndefu hifadhi majibu. Na kama kuna mpangaji wa skrini, yaani sehemu ya programu ipangayo vitu kwenye skrini, anayeweza kupima na kupanga mwenyewe, mwachie, usimvamie kazini kwake.

Nikiri na langu. Nikisema "kimo na kina cha fonti" nasema kana kwamba ni nambari moja. Faili la fonti hubeba seti tatu za nambari hizo, mara nyengine hazikubaliani, na Windows na Mac hazichagui seti ile ile. Nimeshaona neno lile lile likikaa pikseli mbili chini kwenye mashine ya jirani, na sina kanuni safi ya kukupa zaidi ya kujaribu kwenye zote. Kadhalika skrini iliyokuzwa hadi asilimia 125: nimepima sawasawa, nimezungusha kwenda juu, na bado mara moja moja neno la mwisho linashuka mstari. Nimeshinda nalo usiku mzima.

Kijana nimemrekebishia, Wete imetimia. Alipofungua msimbo wangu wa kadi kutazama ninavyofanya, akaona mwishoni mwa hesabu ya upana kuna "+ 2", na pembeni nimeandika "usiguse". Akauliza ni ya nini. Nikamwambia akatuletee chai.