Je, wajua weupe wa dawa ya mswaki hutokana na metali?

Mtoto wa dada yangu, hapa Kirumba, Mwanza, hupiga mswaki akiwa amechuchumaa kibarazani, na povu lote hulimeza. Ukimkaripia anajibu, "Mamdogo, mbona tamu?" Juzi nikaigeuza ile tyubu nisome maandishi ya nyuma. Nikakuta CI 77891.

Hiyo ni titani dayoksaidi, unga mweupe utokanao na metali ya titani. Ndio unaong'arisha rangi za ukutani, vidonge vingi vya hospitali, na baadhi ya pipi na bigijii, ambako huandikwa E171. Sehemu ya chembe zake ni ndogo mno, chini ya nanomita 100. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000.

Udogo una shida gani? Waulize wanaogonga kokoto kwenye miamba yetu ya Mwanza: jiwe ukilipasua, uzito ni uleule ila nyuso zimezaliwa kibao. Nyuso zikiongezeka, metali inagusana zaidi na mwili.

Tumboni kila metali ina tabia yake. Zinki na fedha huyeyuka kiasi kwenye asidi. Titani dayoksaidi haiyeyuki. Karibu yote hutoka na choo. Lakini utumbo ni kama wavu wa sangara, dagaa wachache watapenya tu. Chembe zilizopenya huweza kujikusanya kwenye ini na bandama, na kutoka huko ni kwa taratibu sana.

Hapo ndipo wataalamu walipotofautiana. Mwaka 2021 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema haiwezi kuondoa uwezekano kwamba E171 inaharibu DNA, yaani vinasaba. 2022 ikapigwa marufuku kwenye vyakula, ila kwenye vidonge ikaachwa, maana dawa zingeadimika. Mwaka 2023 kamati ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, ikapitia ushahidi, haikuona haja ya kuweka kikomo cha kiasi cha kula. Kwa ninavyosoma mimi, Ulaya iliuliza, "Mna hakika haidhuru?" Kamati ikauliza, "Nani kaonyesha inadhuru?"

Mimi kinachonitisha zaidi ni kile kichupa cha maji yenye chembe za fedha (madini, siyo hela) kinachonadiwa kuwa kinatibu kila kitu. Ukikinywa muda mrefu, fedha hujaa kwenye ngozi, jua likiipiga ngozi inageuka kijivu cha kibuluu. Huitwa ajiria, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki tena. Tangu 1999 Marekani haizitambui dawa hizo kuwa salama wala kuwa zinatibu.

Mtoto namwekea dawa kiasi cha punje ya njegere, nasimama naye mpaka ateme. Na hapo, kusema kweli, sihofii titani sana. Nahofia floraidi iliyomo humohumo, ambayo mtoto akiimeza mno meno ya ukubwani huota na madoa, kama yale ya ndugu zetu wa Arusha, ambao wao floraidi huipata kwenye maji.