Pilipili na jina la kupora

Jumamosi nilikuwa soko la Kadutu, hapa Bukavu, nimeinamia fungu la pilipili: ndogo nyembamba zilizochongoka, na zile za manjano zenye mikunjo, zinazonukia kama tunda kabla hazijakuchoma. Nikamuuliza mama muuzaji asili yake. "Ni ya hapa kwetu, papa. Ba nkambo walikuwa nayo," yaani mababu.

Kazi yangu ni mimea, basi nikanyamaza kwa shida. Zote mbili ni za jenasi Capsicum, na Capsicum ni mzaliwa wa Amerika. Kabla Columbus hajavuka Atlantiki mwaka 1492, hakuna mtu Afrika, India wala Ulaya aliyewahi kuionja.

Ila jina ni kongwe kuliko mgeni mwenyewe. Kiswahili kimelipata kwa Waarabu na Waajemi, nao wamelipata India, ambako *pippali* ni pilipili ndefu, ndugu wa pilipili manga. Mmea wa Amerika ulipofika, ukali wake ukampokonya huyo wa kwanza jina. Mwenyewe sasa lazima aitwe "manga" ndipo ajulikane.

Sisi wa maabara nasi tumo. Mwaka 1776 mtaalamu wa mimea Nikolaus von Jacquin aliipa ile yenye mikunjo jina Capsicum chinense, yaani ya China! Kanuni zetu hulinda jina la kwanza hata likiwa la uongo, kwa hiyo hadi leo ndilo ninaloliandika kwenye lebo.

Mama yule hakukosea kabisa, lakini. Misitu ya Kongo ina Piper guineense, mmea unaotambaa juu ya miti, wenye punje kama za pilipili manga. Ukali wake ni piperini, wa Capsicum ni kapsaisini, na vyote viwili huamsha mdomoni mishipa ileile inayohisi moto. Ba nkambo waliujua mwasho.

Jioni tuliitwanga ile pilipili ya sokoni na chumvi, tukalia sambaza za kukaanga, vile visamaki vya Ziwa Kivu. Mdogo wangu alikuwa ametoa mbegu zote, akajiona salama. Kumbe ukali hukaa kwenye utando mweupe unaozishika. Akakimbilia maji, nayo hayaiyeyushi kapsaisini. Nikampa maziwa.

Ndege hawausikii mwasho huo hata kidogo. Humeza tunda na kuziangusha mbegu zikiwa nzima, na nyuma ya choo chetu umeota mche ambao hakuna aliyeupanda.