Insati ni nini, na chuma kinashikaje ndani ya panga la mtambo wa upepo

Ukikaa pale Mikindani jioni ukaangalia boti za faiba zinavyoyumba, kuna kitu hutakitilia maanani kabisa, kile chuma cha kufungia kamba pale mbele. Mimi cha kwangu nilikifunga kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye faiba nikajua kazi imeisha. Kusi ilipoanza kupiga, siku ya tatu tu nakuta chuma kinaning'inia kwenye kamba na skrubu zake zote nne, nzima kabisa, na boti imebaki na matundu manne yamemung'unyika kama ukoko. Bahati kulikuwa na kamba ya pili. Sasa ona, skrubu haikukatika, faiba ndo iliyoachia, na hapo ndo habari ya insati inapoanzia.

Insati ni kipande cha chuma kinachozamishwa ndani ya faiba wakati inatengenezwa, ili bolti ije ishike kwenye chuma na sio kwenye faiba yenyewe. Basi. Zipo ndogo kwenye vitu vingi, ila za kutisha ni zile za mapanga ya mitambo ya upepo, na sisemei pangaboi la sebuleni, nasemea mitambo kama ile mitatu ya Mwenga kule Mufindi au ile 365 ya Turkana kwa wenzetu Kenya. Kwenye hayo mapanga insati ni kama bomba nene la chuma, ndani limechongwa uzi wa kupokea bolti ya milimita 30 au 36, nje limekwaruzwa mifereji ili gundi ipate pa kung'ang'ania, na yanapangwa kwa duara kwenye shina la panga, yaani pale linapofungwa kwenye mtambo, mengi, kwenye panga kubwa yanaweza kuwa 60 au 100 na zaidi.

Kwa nini mengi hivyo? Panga la mita 60 linaweza kufika tani 15 mpaka 20 na limeshikwa upande mmoja tu, kule kwenye shina. Likiwa limelala upande wa kulia uzito wake unavuta shina huku, likizunguka likalala kushoto unavuta kule, kwaiyo kila mzunguko chuma kinavutwa na kusukumwa, kinavutwa na kusukumwa. Piga hesabu, mizunguko 12 kwa dakika ni 17,280 kwa siku, kwa miaka 20 hata ukitoa siku za kusimama bado ni kama milioni 100. Upepo wenyewe sijauhesabu hapo.

Wengi wanadhani ujanja uko kwenye ule uzi wa bolti. Hapana, uzi ni chuma kwa chuma, huo hauna shida. Shida ni ule mpaka wa chuma na faiba. Chuma ni kigumu kuliko faiba mara kadhaa, na mzigo unapenda kujirundika pale ugumu unapobadilika ghafla. Wavuvi mnalijua hili, upondo, ule mti wa kusukumia boti, uliopasuka ukiufungia kipande cha bomba la chuma, siku ukivunjika tena utavunjikia pale pale bomba linapoishia. Ndo maana insati nzuri haiishi ghafla, mwisho wake wa ndani unachongwa unakuwa mwembamba mwembamba, afu mbele yake kunawekwa kabari inayopungua taratibu, ili mzigo umwagike kidogo kidogo kwenye faiba.

Uwekaji wake sasa. Vitambaa vya faiba vinatandikwa vikavu kwenye moldi, insati zinafungwa kwenye sahani kubwa ya chuma yenye matundu ili kila moja ikae sehemu yake na inyooke, katikati ya insati na insati zinajazwa kabari za faiba, juu vinatandikwa vitambaa vingine. Matundu yenye uzi yanazibwa, maana resini, yaani ile gundi ya maji maji inayogandisha faiba, ikiingia mle ikakauka utalia. Kisha kila kitu kinafunikwa plastiki, pampu inanyonya hewa yote, na resini inaachiwa ijipenyeze yenyewe mpaka izungushe kila chuma. Ikishaiva, uso wa shina unachongwa uwe bapa ili ukae sawasawa kwenye beringi.

Adui mkubwa ni uchafu. Chuma kinapigwa mchanga kwanza kiwe na ukwaru, na baada ya hapo hakishikwi kwa mkono mtupu, jasho la kidole tu linatosha kuharibu gundi. Huku kwetu na hii chumvi ya baharini chuma kilichopigwa mchanga ukikiacha mpaka jioni kimeshaanza wekundu, kwaiyo kazi kama hii ingetaka chumba kikavu na haraka ya kweli.

Kuna njia nyingine ya kutoboa shina baada ya kuiva, tundu moja la urefu na lingine linalikata, unapitisha bolti ndefu unaikaza na nati nene ya duara. Ni rahisi kukagua na kubadilisha, ila matundu yanakula faiba, shina lazima liwe nene zaidi. Insati zinaweza kubanana zaidi, shina likawa jembamba, lakini moja ikiachia mle ndani kuitibu ni kazi kweli kweli. Mimi kwa macho ya fundi wa boti ningechagua ya nati, najua ninachokigusa.

Boti yangu niliikata pale mbele, nikazika bamba la chuma nililolitoboa matundu madogo madogo ili resini ipite katikati, kingo nimezisaga ziwe nyembamba, juu mati, vile vitambaa vya faiba, tabaka tano. Kusi ya mwaka huu imepiga na kamba ndo iliyokatika.