Majibu ya Maabara Yasisubiri Jarida

Mtafiti wa chuo kikuu akikuta sumu ya aseniki kwenye maji ya kisima, mazoea yanamtaka aandike makala, aipeleke kwenye jarida la kitaaluma, asubiri wahakiki, asahihishe, kisha asubiri tena. Mwaka unaweza kukatika hivyo, na muda wote huo watu wanachota maji kwenye kisima kilekile. Msimamo wangu ni kwamba matokeo yanayogusa afya yamfikie mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia usalama wa maji, na yawafikie wenye kisima, mara tu maabara inapojiridhisha nayo. Makala itafuata. Wapo wenzangu wanaohofia kwamba wakitangaza mapema jarida litawakataa, lakini majarida mengi ya afya yanaruhusu taarifa za aina hiyo zitolewe kabla ya kuchapishwa pale afya ya umma inapokuwa hatarini.

Tunajua kuchelewa kunagharimu nini. Ugonjwa wa Minamata, Japani, ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walishaeleza kwamba chanzo chake ni zebaki ya kikaboni iliyokuwa inaingia mwilini kupitia samaki na kombe wa Ghuba ya Minamata. Mwaka huohuo daktari wa kiwanda cha Chisso, kilichokuwa kinamwaga zebaki hiyo, Hajime Hosokawa, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda, na paka akapata dalili zilezile walizokuwa nazo wagonjwa. Kampuni haikuyatoa hadharani matokeo hayo. Serikali ya Japani ilikuja kukiri rasmi chanzo hicho Septemba 1968. Kwa miaka 9 ushahidi wa kisayansi ulikuwepo, na zebaki iliendelea kumwagwa.

Ni rahisi kumlaumu mdhibiti peke yake katika habari kama hizi, na mara nyingi anastahili. Lakini sisi watafiti nasi hupeleka matokeo kwa namna inayorahisisha kuyapuuza. Tunampelekea namba tupu, na namba tupu hupingwa kwa sentensi moja: “Vipimo vyetu vinaonyesha tofauti.” Hapo mjadala unakwama, mwananchi habaki na wa kumwamini. Kinachoukwamua ni kueleza namba ilivyopatikana, hatua kwa hatua, tangu chupa ilipofunguliwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo ulianza kutumia maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu, na maji yakaanza kula mabomba na kubeba madini ya risasi hadi majumbani. Wakazi walilalamika kuhusu rangi, harufu na vipele. Vipimo rasmi vya mwaka 2015 vikasema maji yako ndani ya kiwango cha maikrogramu 15 za risasi kwa lita. Kipimo hicho huhesabiwa hivi: sampuli zote hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha hutazamwa ile iliyosimama kwenye asilimia 90. Timu ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech, ikiongozwa na Marc Edwards, iliwapelekea wakazi chupa wachote maji wenyewe: chupa ya lita moja kwa maji ya kwanza kabisa baada ya bomba kukaa bila kufunguliwa kwa saa nyingi, nyingine baada ya maji kutiririka kidogo, na ya mwisho baada ya dakika chache zaidi. Katika sampuli 252 za mwanzo, ile ya asilimia 90 ilikuwa na maikrogramu 25.

Kwa nini majibu yalipishana hivyo? Maelekezo rasmi yaliwataka wakazi wafungulie bomba dakika kadhaa usiku wa kuamkia siku ya kuchukua sampuli. Kufanya hivyo huondoa chembe za risasi zilizolegea, na maji ya asubuhi yanaonekana masafi kuliko yale ambayo familia inakunywa siku zote. Isitoshe, sampuli mbili zenye viwango vikubwa ziliondolewa kwenye hesabu rasmi, na matokeo yakashuka chini ya kikomo. Mambo haya yalionekana kwa sababu watafiti walifuatilia njia ya upimaji yenyewe na kuiweka wazi. Septemba 2015 daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alitangaza kwa waandishi wa habari takwimu za risasi kwenye damu za watoto wa mji huo, zilizoonyesha kwamba viwango vimepanda baada ya maji kubadilishwa. Maafisa walimpinga mwanzoni, lakini katika wiki chache walikubali, na Oktoba mji ulirudi kwenye chanzo chake cha zamani. Makala yake jaridani ilitoka baadaye. Angesubiri jarida kwanza, watoto wangeendelea kunywa maji yale.

Kwa hiyo faili linalokwenda kwa mdhibiti liwe na kila kitu: mahali sampuli ilipochukuliwa, saa, aina ya chupa, nani aliishika tangu kisimani hadi maabara, kiwango kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukiona, na majibu ya chupa za maji safi zilizopimwa sambamba ili kuthibitisha kwamba uchafu haukutoka maabara. Njia bora zaidi ni kuchukua sampuli pacha, moja ibaki kwetu na nyingine apewe mdhibiti apime mwenyewe. Majibu yakilingana, ubishi unaisha. Yakipishana, pande zote mbili zina kitu kilekile cha kuchunguza. Mdhibiti apewe taarifa siku chache kabla ya umma ili ajipange, lakini asipewe uwezo wa kuzuia. Na kama kuna mtoto anayenyweshwa maji hayo leo, taarifa itolewe leo kwa wote.

Mikataba ya ufadhili ina kifungu ambacho watafiti wengi husaini bila kukisoma vizuri, kile kinachompa mfadhili haki ya kuchelewesha matokeo. Chuo kisisaini mkataba wa aina hiyo bila kuandika wazi kwamba hatari kwa afya haiguswi na usiri.

Mwananchi yeye anahitaji namba na jambo la kufanya, vyote kwa pamoja. Ukimwambia maji yana risasi ukaishia hapo, atafanya analolijua, yaani kuyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi risasi wala aseniki. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini yaliyobaki huwa mengi zaidi kwa kila lita. Aelezwe hivyo waziwazi. Aambiwe atumie chanzo kingine kwa kunywa, kupikia na hasa kuchanganyia maziwa ya mtoto mchanga, au chujio lililothibitishwa kwa madini hayohayo. Aambiwe pia kwamba neno “haikugundulika” kwenye karatasi ya majibu halimaanishi sifuri, bali kiwango kiko chini ya uwezo wa mashine.

Ramani nazo zina hatari yake. Mdhibiti anahitaji kujua kisima hasa ni kipi. Ramani ya umma yenye nukta juu ya kila nyumba inaweza kumshushia mtu thamani ya shamba au kumnyima mteja wa samaki kabla hata vipimo havijarudiwa. Mwenye nyumba apate majibu yake kwanza, ana kwa ana au kwa barua, na ramani ya wote ionyeshe eneo tu. Ahadi hii iandikwe kwenye fomu ya ridhaa tangu siku ya kuchukua sampuli.

Sijaona njia ya kufikisha matokeo iliyo wazi kuliko ile ya Bangladesh. Mamilioni ya visima vya pampu vilipimwa aseniki, kisha pampu zikapakwa rangi: nyekundu kwa kisima kilichozidi maikrogramu 50 kwa lita, kikomo cha nchi hiyo, na kijani kwa kilicho chini yake. Asiyejua kusoma alielewa. Familia nyingi zilihamia kisima cha jirani chenye kijani. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza maikrogramu 10, kwa hiyo baadhi ya visima vya kijani vilikuwa juu ya pendekezo hilo, na watu walistahili kuambiwa viwango vyote viwili. Rangi zilifutika kwa jua na mvua, na visima vipya vikachimbwa bila kupimwa wala kupakwa chochote. Chuo kinapokabidhi matokeo, makubaliano yake na mdhibiti yataje ni nani atakayerudia vipimo, baada ya muda gani, na fedha zitatoka fungu lipi.