Ngazi ya Morgan na jamii zisizoingia ndani yake

Mwaka 1877 Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa mji wa Rochester katika jimbo la New York nchini Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho Ancient Society, ambamo alidai kwamba wanadamu wote hupita njia moja: huanzia katika unyama, huingia katika ushenzi, na hatimaye hufikia ustaarabu. Hatua mbili za kwanza alizigawa kila moja katika madaraja matatu, na kila daraja baada ya lile la chini kabisa akaliwekea alama yake: moto na ulaji wa samaki, upinde na mshale, ufinyanzi, ufugaji (au kilimo cha umwagiliaji kwa upande wa bara la Amerika), na uyeyushaji wa chuma. Ustaarabu wenyewe ulianza, kwa maoni yake, pale watu walipopata alfabeti na maandishi. Edward Tylor, mtaalamu wa tamaduni za wanadamu wa Uingereza, naye alikuwa ameeleza mwaka 1871 kwamba mila zinazoonekana kukosa maana ni masalia ya hatua iliyokwisha kupitwa.

Si haki kumchukulia Morgan kama mtu aliyekaa kwenye kiti akabuni tu. Kwa msaada wa Ely Parker, mtu wa Seneca, moja ya mataifa ya Iroquois, aliyekuja baadaye kuwa mkuu wa idara ya serikali ya Marekani iliyosimamia mambo ya wenyeji, alijifunza kwa karibu maisha ya watu wa Iroquois, wenyeji wa asili wa eneo la New York, akaandika habari zao mwaka 1851. Aliamini pia kwamba wanadamu wote wana asili moja, jambo ambalo wasomi kadhaa wa zama zake walilikana waziwazi. Tatizo lilianza alipochukua tofauti za watu wanaoishi wakati mmoja na kuzipanga kana kwamba ni vipindi vilivyofuatana, akiamua yeye mwenyewe nani atangulie na nani afuate.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa majina ya ujamaa, ambao ndio uliokuwa utaalamu wake mkubwa. Aligundua kwamba kwa Iroquois ndugu wa kiume wa baba huitwa baba, na dada wa mama huitwa mama, hali huko Hawaii jina moja huwachukua baba, amu na mjomba kwa pamoja. Kutokana na mpangilio wa Hawaii alihitimisha kwamba zamani za kale kaka na dada walioana kwa makundi, hata mtoto asiweze kumtambua baba yake, na kwamba majina hayo ni mabaki ya ndoa hizo. Msomaji aliyekulia kati ya baba wakubwa, baba wadogo na mama wadogo ataona mara moja pengo la hoja hiyo. Mtoto anayemwita mtu baba mdogo anamjua vizuri baba aliyemzaa. Jina hilo linamwonyesha nani wa kumheshimu, nani wa kumlea akifiwa, na watoto wa nani ni ndugu zake asioweza kuwaoa.

Wahawaii hao hao Morgan aliwaweka katika daraja la kati la unyama, kwa hoja kwamba hawakuwa na vyungu wala hawakutumia upinde vitani. Hata hivyo walikuwa na mashamba ya magimbi yaliyomwagiliwa kwa mifereji, mabwawa ya samaki yaliyozungushiwa kuta za mawe, na ufalme uliokwisha kuunganisha visiwa vyote kufikia mwaka 1810. Akiolojia ya karne ya 20 ilizidi kuitikisa ngazi hiyo, kwa kuonyesha kwamba mababu wa Wapolinesia walifinyanga vyungu vilivyonakshiwa, vinavyoitwa Lapita, takriban miaka 3,000 iliyopita, na wazao wao wakaja kuuacha ufinyanzi. Wainka wa Amerika Kusini nao walitawala milki kubwa yenye barabara na maghala bila kuwa na alfabeti yoyote.

Mwaka 1896 Franz Boas, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliushambulia msingi wenyewe wa mbinu hii. Alieleza kwamba jambo moja linaweza kuzuka kwa sababu mbalimbali: huku barakoa huvaliwa ili kuwadanganya pepo, kule huvaliwa kumwigiza pepo mwenyewe, na kwingine kumkumbuka marehemu. Kwa hiyo alitaka historia ya kila jamii ichunguzwe mahali pake kabla ya kuilinganisha na nyingine.

Ngazi ya Morgan haikufa hapo. Karl Marx aliisoma na kuandika maelezo juu yake, na Friedrich Engels akayatumia katika kitabu chake cha mwaka 1884 kuhusu chimbuko la familia, mali binafsi na dola. Mwanafunzi wa Tanzania aliyefundishwa kwamba ujima ulitangulia utumwa, umwinyi na ubepari amekutana na tawi la mti huo, ingawa huenda jina la Morgan hakulisikia kamwe.

Athari yake huonekana hata leo pale Wahadza wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanapotajwa kama watu wa zama za mawe. Ncha nyingi za mishale yao ni za chuma, nyingine zikifuliwa kwa misumari na nyingine zikitoka kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao Wahadza hubadilishana nao asali na nyama. Uwindaji wao ni uchumi wa leo, unaotegemea kwa sehemu biashara na majirani wafugaji na wakulima, na hauwezi kusomwa kama picha ya maisha ya mababu wa majirani hao.