Maji ya Buruma Hayasafishi Moshi

Hapa Lamu, tangu enzi za buruma, kile kiko cha maji cha zamani, hadi shisha ya leo, wengi huamini kwamba moshi ukipita majini huacha uchafu wote humo, na mvutaji hapati madhara. Imani hii haikuzuka bure. Maji hugeuka manjano, na moshi hufika kinywani umepoa, haukwaruzi koo.

Kupoza, maji hupoza kweli, na kiasi fulani cha uchafu hunasa. Lakini tazama chupa ya kioo wakati mtu anavuta: moshi hupita ndani ya mapovu, na kila povu hupanda na kupasuka kufumba na kufumbua. Moshi wa katikati ya povu haukugusa maji. Mvutaji akipuliza mara kadhaa kwenye kitambaa cheupe, doa litaonekana. Tena, lau maji yangezuia nikotini yote, nani angepata kiu ya kurudia?

Linalonitia hofu zaidi ni makaa yanayowashwa juu ya shisha. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo karibu haiyeyuki majini. Ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumba kimefungwa. Kwa hiyo hata shisha isiyo na tumbaku haina usalama huo. Kichwa kikianza kugonga na macho kuzunguka, wengine husema ni utamu wake. Huenda ni gesi hiyo. Mtoeni mwenzenu nje upesi, apate hewa, na asipopata nafuu apelekwe hospitali.