Nimonia ya bakteria na usaha kifuani

Katika nimonia, vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu hujaa majimaji na usaha, na oksijeni hushindwa kuingia kwenye damu. Virusi pia huileta, lakini usaha kifuani ni kazi ya bakteria.

Anayeongoza ni pneumokoki, ambaye hukaa puani mwa watoto wengi bila kuwadhuru. Stafilokoki hupenda kufuata mafua makali au surua. Huyu hula nyama ya pafu na kuacha majipu. Klebsiella huwapata zaidi walevi na wenye kisukari. Mycoplasma huwa nyepesi, ila amoksilini haimfanyi kitu, kwa kuwa hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia.

Pafu limezungukwa na tando mbili, na kati yake mna mililita chache tu za maji. Pafu likivimba, maji hayo huongezeka. Mwanzoni ni mepesi. Bakteria wakiingia, huwa usaha, na nyuzi za protini huugawa vyumba vyumba. Wiki kadhaa baadaye ganda gumu hulibana pafu lisitanuke. Mrija wa kutoa usaha ukiwekwa kifuani mapema, usaha mwingi hutoka. Ukichelewa, huenda upasuaji ukahitajika.

Dalili ya kuangalia ni homa isiyoshuka baada ya saa 48 hadi 72 za dawa. Hapo wengi hukimbilia antibiotiki kali zaidi. Huenda bakteria ni sugu kweli, lakini kwanza kifua kipimwe upya, maana dawa hufika kwa shida ndani ya usaha na peke yake mara nyingi haitoshi. Ukigonga mgongo, upande wenye maji hutoa mlio butu, na sauti ya pumzi hufifia. Eksirei huonyesha weupe. Ultrasaundi huonyesha hata vile vyumba. Sindano ikitoa usaha, au maji yenye pH (kipimo cha asidi) chini ya 7.2, mrija uwekwe. Sampuli ipimwe na kifua kikuu pia, kwani nacho hujaza maji kifuani. Antibiotiki huendelea kwa wiki 2 hadi 6, hata kama homa imekwisha.

Chanjo ya pneumokoki, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2011, hutolewa katika wiki ya 6, 10 na 14. Haimzuii stafilokoki.